Ndimi Nne

Umeme ulipokatika Kuze niliwasha mshumaa,
nikailaza gilasi ya chai mbele ya moto,
tako lake nene likinielekea jicho,
na ulimi mmoja ukawa ndimi nne.
Haukugawanyika, usinielewe vibaya.
Mshumaa ulikuwa mmoja, nta yake ikichirizikia kisahani kimoja.
Zilizokuwa nne ni njia.

Bi Mwanakheri wa Marikiti, akinipimia bizari,
huniuliza nafanyani usiku kucha na kompyuta.
Namwambia: nahesabu mwanga wa kitu kimoja
kinachoonekana mara nne.
"Basi shika kimoja, mwanangu, vitatu uwate, ulale."

Kitu chenyewe huitwa kwasa:
shimo jeusi katika kitovu cha galaksi ya mbali,
na sahani ya moto inayolizunguka ikingoja kumezwa.
Elekeza darubini yoyote, utaona nukta.
Kodoa macho, bado nukta.
Ila njiani imesimama galaksi nyingine,
nzito, isiyojua kuwa tunachungulia,
na uzito wake unaipinda nuru kama tako la gilasi.
Vipimo huteremka kutoka milima ya kusini,
hupita chini ya bahari ndani ya nyuzi za kioo
(hiyo nayo ni nuru, nayo imepindwa),
huibukia Nyali, huja hadi orofa ya tatu,
hunikuta na chai iliyopoa.

Ami Shekuwe alipokufa simu ililia mara nne.
Shangazi Mwanahawa, alfajiri: ameanguka, hasemi, amefikishwa Makadara, amekufa.
Kombo wa Likoni, saa nne, akaanza mwanzo: ameanguka.
Bi Zuhura, adhuhuri.
Wa nne simjui, alisema kama anayetaja bei ya samaki.
Mtu niliyekwisha kumlilia
akawa anaanguka tena, na tena, sikioni mwangu,
hai kwa dakika mbili kila safari.

Nilifanya nilivyozoea.
Nikazisogeza habari nne hadi saa zikalingana,
nikaondoa zilipokubaliana, maana hapo ni pake mwenyewe:
kuanguka, kimya, kufa.
Yaliyobaki yalikuwa ya njia,
ya woga wa Mwanahawa, ya deni la Kombo.
Wengi huyafagia mabaki hayo.
Mimi ndiyo riziki yangu.

Kwa maana ndani ya ile galaksi ya kati zinapita nyota,
kila moja ikiukuza mwanga wa picha moja, au kuufifiza,
bila kuzigusa zile tatu.
Na kidogo ndicho kitetemekacho.
Nyota hukonyeza; mwezi haukonyezi.
Buluu ya kwasa hutetemeka sana: makao yake ni finyu,
mdomoni mwa shimo.
Nyekundu haijali, imetandaa ukingoni mwa sahani.
Hivyo, kwa mtetemo, napima upana
wa nisichoweza kukiona.

Ami naye.
Siku, sanda, kaburi la Kikowani: hapo ndimi zote nne zilitulia.
Lakini dakika ile kabla hajaanguka,
mmoja alisema aliomba maji,
mmoja kwamba aliita jina la mke aliyemwacha,
mmoja kwamba alicheka.
Wa nne alinyamaza pale, akakohoa, akaendelea.
Walipotetemeka ndipo palipokuwa padogo.
Hapo ndipo penye moto.

Umeme umerudi. Feni inapeperusha karatasi.
Picha ya kwanza iling'aa wiki mbili zilizopita;
ya pili na ya tatu zimeshaleta.
Ya nne bado iko njiani,
nami sijazima mshumaa.